Simamisha Hapo: Picha Kongwe za Waingereza Kando ya Tanganyika



Wiki hii mwezi ni mkubwa. Mtu wa Rumonge hahitaji kalenda kulijua hilo. Akishuka mwaloni asubuhi anakuta mitumbwi imelala mchangani, nyavu zimeanikwa, na bei ya ndagala imepanda. Ndagala hufuata taa. Mwezi ukishaizidi taa nguvu, samaki hutawanyika na mvuvi hana la kufanya ziwani. Basi kwa siku kadhaa wanaume ambao usiku huwa majini wanakutwa nyumbani. Wapo wanaoshona nyavu, wapo wanaolipiza usingizi, na wapo wanaowasha betri ya sola, wakachomeka flashi kwenye televisheni, wakaangalia picha.

Jioni hii nataka nizungumzie picha za aina moja ambazo vijana wataniambia ni za wazee: filamu kongwe za Waingereza za uhalifu na za maisha. Zile nyeusi na nyeupe za miaka ya 1940 na 1950. Zile ambazo inspekta huvaa koti refu la mvua, huvua kofia akiingia ndani, na hupokea kikombe cha chai kabla ya kuuliza marehemu alionekana lini mara ya mwisho. Hakuna gari linalopaa. Risasi ni moja au mbili kwa picha nzima, na kila inayopigwa ina mwenyewe na ina matokeo yake.

Utauliza zimefikaje huku kwetu. Wajerumani walitutawala, wakaja Wabelgiji, na sinema ya Wabelgiji ilisema Kifaransa. Waingereza hawakuwahi kuwa na ofisi Rumonge. Picha zao zimeingia kwa njia za pembeni. Nyingine zimekuja na ndugu zetu waliorudi kutoka Tanzania, kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na kaseti kwenye mizigo. Siku hizi mtu anapeleka flashi kibandani kujaziwa, anarudi na kila kitu kwa pamoja: ngumi za Hong Kong, mapenzi ya Nigeria, tamthilia za Uturuki, na katikati yake, kama jiwe kwenye mchele, picha ya London ya mwaka 1950 ambayo hata aliyemjazia hajui iliingia vipi.

Wengi wakiikuta wanairuka. Sababu ya kwanza ni rangi. Watoto wanauliza kama televisheni imeharibika. Sababu ya pili ni kwamba haikutafsiriwa. Sisi wa huku tumelelewa na picha zenye sauti ya mtu juu yake. Lufufu wa Tanzania aliwafundisha watu kucheka mahali ambapo mtengenezaji wa filamu hakukusudia kicheko. DJ Afro wa Kenya anaendelea hadi leo, na Uganda wanao ma-VJ wao. Lakini watafsiri hawa wanapenda picha ya vurugu, maana vurugu inawaachia nafasi ya kusema. Picha ya Waingereza ina maneno mengi, tena maneno ya chini kwa chini. Mtafsiri akiongeza lake, ushahidi umepotea.

Kwa hiyo nyumbani mtafsiri anakuwa mmoja wa familia, mara nyingi binti aliye sekondari. Burundi ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi mwaka 2014, na watoto wanakisoma shuleni, ila wakisikiliza Wamarekani wa kwenye picha za mapigano hawaambulii kitu. Hawa wa zamani wanasema taratibu. Kila neno linaanza na linakwisha. Nimemsikia msichana wa miaka kumi na sita akiwafasiria baba na ami zake kesi nzima ya mauaji, na wale wavuvi, ambao mchana ni wakali kama nini, wametulia wanamsubiri amalize sentensi. Kwa hilo peke yake mimi nawashukuru Waingereza.

Na nyingi ni fupi, jambo linalowafaa wenye betri ndogo. Ufupi huo una historia yake. Mwaka 1927 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuyalazimisha majumba ya sinema kuonyesha kiasi fulani cha filamu za nyumbani, kwa sababu Hollywood ilikuwa imewameza. Watengenezaji wakaanza kutoa filamu za haraka na za bei ya chini, na katika hadithi zote uhalifu ndio uliokuwa rahisi: chumba kimoja, maiti mmoja, watu sita wa kushukiwa. Mtindo ule haukufa. Kati ya 1960 na 1965 studio ndogo ya Merton Park, London, ilitoa mfululizo wa picha kutokana na hadithi za Edgar Wallace, kila moja kama saa moja hivi, za kutangulia kabla ya picha kubwa ya usiku huo. Ukiziona utazitambua kwa mwanzo wake: sanamu ya kichwa cha Wallace inazunguka polepole ndani ya ukungu huku gitaa likilia. Mshike huyo Wallace, tutarudi kwake.

Sasa, msikilizaji, jambo lenyewe ninalotaka kusema ni hili. Ukiwa kwenye banda la video umelipa kiingilio, picha inakwenda kama mwenye banda anavyotaka. Ukipitwa umepitwa. Nyumbani rimoti iko mkononi mwako. Unasimamisha. Unarudisha. Unamwambia binti, hebu rudia pale, yule nyuma ya mlango ni nani? Na picha ya upelelezi ukiitazama hivyo, baada ya muda unaacha kumpeleleza muuaji wa kwenye hadithi, ambaye inspekta atamkamata hata wewe ukilala, unaanza kuipeleleza filamu yenyewe: ilitengenezwa na nani, inamficha nani, na ni nani amesimama kule nyuma bila kutajwa jina.

Nianze na mfano mwepesi. Mwaka 1951 studio za Ealing zilitoa The Lavender Hill Mob. Alec Guinness ni karani wa benki, mpole, miaka nenda rudi anasindikiza dhahabu ya watu, mpaka siku moja anaamua kuiba. Anaiyeyusha akisaidiana na mwenzake na kuitengeneza kuwa visanamu vidogo vya mnara wa Eiffel, kama vile vya kuwauzia watalii, ili ivuke mpaka bila swali. Hadithi inaanza kwenye mkahawa Rio de Janeiro, karani wetu tajiri anamsimulia mwenzake mezani jinsi alivyofanya. Unamfurahia: ameponyoka. Mwishoni wanainuka kuondoka, na hapo ndipo unaiona pingu. Mkono wa msimuliaji umefungwa kwenye mkono wa msikilizaji. Kumbe muda wote alikuwa akizungumza na polisi. Nani atakayeona hivyo asirudishe mwanzo? Na ukirudisha mwanzo, tazama msichana mwembamba anayepita pale mezani, anasema maneno mawili na kuondoka. Ni Audrey Hepburn, kabla dunia haijamjua.

Huo ni mchezo. Mfano wa pili si mchezo. Mwaka 1935 ilitoka Sanders of the River, iliyoongozwa na Zoltan Korda, kutokana na hadithi za Edgar Wallace yuleyule wa sanamu inayozunguka. Ofisa wa Kiingereza anatawala mto mzima wa Waafrika kwa kukunja uso tu. Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi mwenye sauti ya kutetemesha kuta, ni Bosambo, chifu mwaminifu kwa ofisa huyo. Robeson baadaye aliikana picha hiyo. Kama picha, ni chafu, siwezi kuipamba. Lakini katika kundi la machifu na wapiga makasia, miongoni mwa Waafrika waliookotwa London kujaza nafasi, yumo Mkenya mmoja aliyekuwa akiishi kule kwa shida, mwanafunzi mwenye madeni. Jina lake Jomo Kenyatta. Miaka ishirini na minane baadaye ndiye waziri mkuu wa Kenya huru. Hapo ndipo pa kusimamisha rimoti. Mwenye filamu alidhani anamlipa mtu wa kujaza pengo. Mimi niko tayari kuvumilia saa nzima ya Sanders kwa ajili ya sura moja iliyo nyuma.

Mwingine wa kumtafuta ni Earl Cameron, ambaye hakusimama nyuma muda mrefu. Alizaliwa Bermuda mwaka 1917, akafika Uingereza akiwa baharia, na alifariki 2020 akiwa na miaka 102. Picha yake ya kwanza kubwa ni Pool of London ya mwaka 1951, ya Basil Dearden. Hii nawaombea watu wa Rumonge waitafute kuliko zote, kwa sababu ni picha ya bandari. Meli imetia nanga mto Thames, mabaharia wanateremka kwa mapumziko ya siku mbili, na jambo la kwanza wanalolifikiria ni kuwapita watu wa forodha. Mmoja kaficha soksi za nailoni, mwingine sigara. Wanabeba kidogo, wanatabasamu, wanampa salamu askari wa getini. Nani kati yetu hajawahi kusimama kwenye foleni hiyo? Weka vitenge badala ya soksi, weka mtumbwi wa injini kutoka Baraka badala ya meli, umeshafika kwetu.

Kisha magendo madogo yanazaa makubwa. Baharia mzungu anaitwa Dan anakubali kuvusha mzigo bila kuuliza sana ni nini. Ni almasi, na mtu amekwishauawa kwa ajili yake. Anampa rafiki yake Johnny, Mjamaika, amfichie melini. Johnny hajui anachokibeba. Yeye siku zile mbili ana shughuli nyingine: amekutana na msichana wa Kiingereza muuza tiketi, wanatembea mjini, wanapanda juu ya kuba la kanisa la Mtakatifu Paulo, wanazungumza. Hawabusiani. Mwaka 1951 watengenezaji walikuwa na woga wao, na woga huo unaonekana: kila mara wawili hao wakikaribiana, kamera inakumbuka kazi mahali pengine. Hata hivyo hakuna filamu ya Kiingereza iliyokuwa imethubutu kufika hapo kabla yake. Tazama uso wa Cameron pale anapotukanwa mlangoni mwa ukumbi. Hasemi kitu. Binti yetu mtafsiri hana la kutafsiri hapo, na chumba kizima kinaelewa.

Dearden na Cameron walikutana tena mwaka 1959 kwenye Sapphire. Msichana amekutwa amekufa kwenye uwanja wa Hampstead Heath. Polisi wanajua ni mzungu, mpaka anapoingia ofisini kaka yake, daktari, na kaka yake ni mweusi. Kutoka dakika ile kila shahidi anabadilisha maneno. Watu waliokuwa wakimlilia wanaanza kusema waliwahi kumtilia shaka. Mtu kuhesabiwa kwa pua na rangi, na jirani kugeuka jirani akijua mwenziwe ni wa upande gani. Burundi hatuhitaji mtu wa kutufasiria hilo. Picha yenyewe ina mapungufu, ina dakika kadhaa za klabu ya ngoma ambapo weusi wote wanacheza kana kwamba hawana kazi nyingine duniani. Lakini yule kaka yake, anavyokaa kwenye kiti cha ofisi ya polisi na kumtazama inspekta bila kuinamisha macho, ndio mafunzo ya namna ya kukaa mbele ya serikali.

Ipo nyingine ya kujadili, na huwa inazua ugomvi. The Blue Lamp, ya Dearden tena, mwaka 1950. Sote tunaijua sheria ya banda la video: steringi hafi. Apigwe, afungwe, atupwe mtoni, atarudi. Sasa humu kuna askari mzee, George Dixon, mpole, anayekaribia kustaafu, anayemlea askari kijana kama mwanawe. Kila mtu sebuleni ameshaamua huyu ndiye steringi. Katikati ya picha anatokea kijana mwenye bastola kwenye wizi wa jumba la sinema, Dirk Bogarde huyo, macho yanamtoka kwa woga kuliko ukatili. Anampiga risasi mzee. Mnasubiri apone. Haponi. Kuna mtu niliyemwona akiinuka na kwenda zake nje kwa hasira, akisema picha imekwisha. Waingereza nao hawakuvumilia: mwaka 1955 televisheni yao ilimfufua Dixon kwenye tamthilia iliyokwenda hadi 1976, kana kwamba risasi ile haikupigwa.

Ugomvi hasa uko mwishoni. Muuaji anakimbilia kwenye uwanja wa mbio za mbwa wa White City, kati ya maelfu ya watu. Polisi hawamwoni. Wanaomwona ni watu wa kamari, wale wanaosimama juu ya masanduku wakitangaziana bei kwa ishara za mikono. Wanaanza kupashana habari kwa ishara hizohizo: yuko kule, amegeuka, anaelekea lango lile. Mikono inapanda na kushuka uwanja mzima mpaka anabanwa. Ni ufundi mtupu. Ila, wanauliza wavuvi wangu, tangu lini wezi na wacheza kamari wakaisaidia polisi? Swali zuri. Jibu liko mwanzoni, kwenye yale majina ambayo kila mtu anayarukisha: filamu ilitengenezwa kwa msaada wa polisi wa London wenyewe. Shahidi aliyeandaliwa na mwenye kesi, ushahidi wake unausikiliza kwa sikio moja.

Na nyuma ya picha zote hizi kuna kitanzi ambacho hakionyeshwi. Muuaji akikamatwa mwaka 1950, kila mtazamaji wa Uingereza alijua atanyongwa, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kulisema. Watu wa mwisho walinyongwa kule Agosti 1964, na mwaka uliofuata bunge likaisimamisha adhabu hiyo kwa mauaji. Sisi tumeifuta mwaka 2009. Kijana wa leo anayezitazama picha hizi anaona pingu, anadhani mtu anakwenda jela kula ugali wa bure. Mwambieni.

Nisiipite The Third Man ya 1949, iliyoandikwa na Graham Greene na kuongozwa na Carol Reed, ingawa nitaipita haraka kwa kuwa imesifiwa na kila mtu. Harry Lime, anayeigizwa na Orson Welles, anauza penisilini iliyochanganywa maji katika jiji la Vienna lililobomolewa na vita. Watoto wanaotibiwa kwa dawa hiyo wanakufa au wanaharibika akili. Kinachonishika ni kwamba uhalifu wenyewe hatuuoni hata mara moja. Rafiki yake anapelekwa wodini, kamera inabaki kwenye uso wake na vitanda, watoto hatuonyeshwi. Mtu yeyote aliyewahi kununua vidonge vya malaria sokoni, akarudi nyumbani homa isishuke, hahitaji kuonyeshwa.

Mnaona, picha hizi zimetuzoesha dakika ya mwisho ambapo inspekta anakaa, anaeleza kila kitu, na chai inapoa. Mwaka 1961 Margaret Rutherford aliigiza kwa mara ya kwanza kama Miss Marple wa Agatha Christie, kwenye Murder, She Said: bibi aliyeko kwenye treni anamwona mwanamke akikabwa koo kwenye treni ya pembeni, hakuna anayemwamini, anapeleleza mwenyewe, mwisho yote yanakaa sawa. Mwaka uleule, usiku wa tarehe 13 Oktoba, kwenye hoteli ya Tanganyika, ukingoni mwa ziwa hilihili, Usumbura, Mwanamfalme Louis Rwagasore alikuwa mezani akila na wenzake. Chama chake, UPRONA, kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa Septemba. Risasi ilitoka gizani, nje.

Ukiihesabu kwa kipimo cha London, kesi ilikwenda vizuri. Mgiriki Jean Kageorgis alikamatwa katika muda wa siku chache, akahukumiwa, akauawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya bendera ya uhuru kupanda. Wengine watano walinyongwa Gitega Januari 1963. Dakika tisini zimetimia, taa ziwashwe. Lakini mwaka 2021 Mbelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kizima kuhusu mkono wa Ubelgiji katika mauaji yale, na kila Oktoba, tunapoweka mashada, mjadala unaanza upya: aliyefyatua tunamjua, je, aliyekuwa nyuma yake? Mtu aliyezoea kusimamisha picha na kutazama nyuma ya mwigizaji haoni ajabu swali hilo kudumu miaka sitini. Anaona ajabu inspekta kuvaa kofia yake mapema namna ile.

Nimalizie na ziwa lenyewe, maana limo kwenye picha ya Waingereza na wengi hawajui. Bila shaka mtakumbuka ile ya Marekani ya 2007, Primeval, iliyotangazwa kana kwamba ni ya binadamu muuaji wa watu wengi, kumbe ni mamba wetu Gustave. Ziwa letu kupata filamu ya mauaji, mshitakiwa ni mamba! Tena ilipigwa Afrika Kusini. Tuiache.

Ninayoisema ni The African Queen ya mwaka 1951, ya John Huston, iliyotengenezwa na Waingereza na Wamarekani kwa pamoja, nayo ina rangi, kwa hiyo watoto hawatalalamika. Humphrey Bogart ni mlevi mwenye kiboti cha mvuke, Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari. Ni Vita Kuu ya Kwanza, na wanashuka mto ili waizamishe meli ya kivita ya Wajerumani iliyoko ziwani. Shikeni rimoti. Mto wanaoushuka unaitwa Ulanga. Ulanga wa kweli hauingii kwenye ziwa lolote. Maji yake huungana na Rufiji na kwenda Bahari ya Hindi. Picha zilipigwa Kongo na Uganda, na sehemu za majini ambazo waigizaji wanalowa zilipigwa studio London, maana maji ya huku waliyaogopa. Karibu kila mtu aliumwa tumbo isipokuwa Huston na Bogart, ambao inasemekana hawakunywa maji, walikunywa wiski.

Lakini meli ile ya Wajerumani imetokana na meli ya kweli. Jina lake Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala wakati wa Maji Maji. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikateremshwa ziwani 1915. Waingereza nao wakaleta viboti viwili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa treni na kwa kukokotwa porini hadi upande wa Kongo, palipo Kalemie ya leo. Waliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Götzen hawakuigusa. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wanakimbia, na kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mashine zake grisi nzito, kana kwamba wanajua atakuja mtu kuitafuta. Waingereza waliiopoa 1924, wakaiita Liemba mwaka 1927.

Kwenye picha meli inalipuka, Bogart na Hepburn wanaogelea wakiimba kuelekea ufukweni, na mwisho. Nje ya picha meli iliendelea kubeba mihogo, mawese, wagonjwa na maharusi kwa karibu karne nzima. Mei 2015 watu wetu kwa maelfu waliikimbia Burundi, wakavuka milima, wakateremka Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji upande wa Tanzania, kisichokuwa na barabara. Ilikuja meli kuwachukua kuwapeleka Kigoma, mamia kwa safari moja. Ilikuwa Liemba.

Wapo wanaonisikiliza sasa hivi waliopanda meli ile. Wiki ijayo saa kama hii tutafungua simu, na ningependa mtu mmoja kati yenu awe ameshaitazama The African Queen nyumbani kwake. Fika pale meli inapotokea kwa mara ya kwanza kwenye kioo, simamisha hapo, itazame vizuri, halafu nipigie uniambie Huston amekosea wapi.